Boksi la Kutazamia Mwanga

Jirani yangu mpya amefungua karakana ya mageti, ukuta kwa ukuta na chumba ninachokaa. Tangu asubuhi mpaka alasiri napata harufu ileile: chuma kinachoungua, moshi wa rodi za kuchomelea, rangi ya kopo inayokauka juani. Wapangaji wenzangu wamekwenda kulalamika kwa mwenye nyumba. Mimi sikwenda. Siku ya kwanza harufu hiyo iliponifikia nilikuwa nafua, nikasimama na shati linachuruzika mkononi, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tano kule Mbagala, nisiye na mtu wa kukaa naye dawati moja.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Mama alipokuwa hai tuliishi Temeke na baba alifanyia kazi uani. Nilipenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nimtazame. Lakini kila alipotaka kuwasha moto wake alinipigia kelele, "Geuka!" Nami nageukia ukutani, naona kivuli changu kinarukaruka, pembeni kina rangi ya bluu. Akizima, napata ruhusa ya kutazama tena. Baada ya muda mfupi, "Geuka!" Hakuwahi kunieleza sababu, na mimi sikuuliza. Nilijijibu mwenyewe kwamba ndani ya moto ule kuna jambo ambalo baba hataki nilione, na kwamba jambo hilo linanihusu.

Mama akaugua, akafa. Baada ya arobaini baba akapata kazi Kinyerezi, kwa mkandarasi aliyekuwa anajenga kwenye mitambo ya gesi, na mafundi wake walilala hukohuko kwenye mabanda. Mimi nikapelekwa Mbagala kwa bibi mzaa baba. Bibi alikuwa mtu wa Kilwa, msusi wa ukili wa mikeka, sikio lake moja halisikii. Kwa utani aliniita "mke mwenzangu", akanipikia, akanifundisha kusoma juzuu. Lakini mazungumzo yetu yalikuwa mafupi, kwa sababu kila neno ilibidi niliseme mara mbili, na mtoto mwenye huzuni hana nguvu ya kusema jambo mara mbili. Nikazoea kunyamaza.

Baba alikuja baadhi ya Jumapili. Akifika alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, kwa muda mrefu, kana kwamba anafikiria aingie au arudi. Bibi akimwambia, "Pita, baba, mbona umesimama?" yeye hujibu, "Napita, mama, napita." Ndipo aingie polepole, akipapasa kiti. Mimi nikiwa kwenye mkeka nilizihesabu pumzi zangu mpaka aingie. Nikasadiki kwamba baba haipendi nyumba ile kwa sababu mimi nimo.

Shuleni nilikuwa mgeni. Wenzangu walikuwa pamoja tangu darasa la kwanza, wana nyimbo zao na majina yao ya utani, na mimi nilifika katikati ya muhula na sare iliyonizidi. Hakuna aliyenionea. Hawakuniona tu.

Halafu akaja Mwalimu Sakina. Alikuwa mama mtu mzima wa Kihindi, mwalimu wa kemia aliyestaafu, na kila Jumamosi asubuhi alitoka mjini na gari dogo jeupe, kiti cha nyuma kimejaa makopo, nyaya na maboksi. Alikuwa amekubaliana na mwalimu mkuu kuwafundisha sayansi ya vitendo watoto wa darasa la tano na la sita watakaotaka. Tulijitokeza kumi na saba.

"Haya, wanangu, kaeni wawili wawili," alisema siku ya kwanza.

Viti vikaburuzwa. Kelele zilipotulia nilikuwa nimebaki mimi, nimesimama karibu na ubao.

"Na wewe unafanya na nani?"

"Sina mtu, mwalimu."

Akanitazama juu ya miwani yake. "Basi utafanya na mie. Nikipata nafasi nakuja."

Alikuwa na jozi nane za kusimamia, kila jozi ina ugomvi wake wa gundi na mkasi. Nafasi hakuipata. Nilifanya peke yangu, na huenda ndiyo maana kazi yangu ilitoka safi kuliko za wengine.

Alituambia tuje na boksi lolote la kadibodi. Wenzangu walileta ya biskuti na ya sabuni. Mie nilileta boksi la buti za kazini alilolisahau baba kwa bibi, gumu, jeusi ndani. Mwalimu Sakina alikata wembe mwenyewe, hakuturuhusu kuugusa. Vipande viwili tulivibandika ubavuni mwa boksi, makali kwa makali, tukaacha upenyo mwembamba kama unywele. Upande wa pili, ndani, tulibandika kwa mshazari kipande cha sidii kuukuu. Juu yake tukatoboa tundu la kuchungulia.

"Sasa elekeza upenyo kwenye mshumaa," alisema. "Usiseme kitu. Tazama kwanza."

Nikachungulia. Ndani ya giza la boksi la baba ulikuwepo ukanda wa rangi, mwekundu ukiyeyukia kwenye machungwa, machungwa kwenye njano, hivyo hivyo mpaka zambarau. Nilitoa jicho nikautazama mshumaa. Ulikuwa mshumaa uleule wa dukani, moto wake wa njano. Nikarudisha jicho. Rangi zilikuwepo bado. Nilitaka kumgeukia mtu nimwambie, nikakumbuka kwamba kushoto kwangu ni ukuta na kulia ni dirisha.

Akawasha taa ya kubana matumizi. Rangi zikaachana. Mstari wa kijani ukasimama peke yake, mwekundu kwake, zambarau kwake, na katikati yake giza. Mwisho akachovya waya kwenye maji ya chumvi, akautia kwenye moto wa spiriti. Moto ukawaka njano, na ndani ya maboksi yetu ukatokea mstari mmoja mkali wa njano, mahali palepale kwa kila mtoto.

"Hiyo ni sodiamu, imo ndani ya chumvi," alisema. "Leta chumvi ya dukani hapa Mbagala, leta chumvi iliyokaushwa kule Kimbiji, leta ya ng'ambo. Mstari wake ni huohuo. Kila kitu kikiungua kinajitaja. Ndivyo watu walivyojua jua lina nini ndani yake, na hakuna aliyefika huko."

Alikuwa na sharti moja la daftari. Juu ya ukurasa uandike ulichokiona. Halafu upige mstari kwa rula. Chini ya mstari ndipo uandike unachofikiri. Mtoto akichanganya, ukurasa ulirudi na alama ya mkasi, yaani kosa. "Macho yana kazi yake na kichwa kina kazi yake," alisema. "Msiviache vikagombana."

Nilirudi nyumbani na boksi kwapani. Jioni hiyo, kabla ya magharibi, bibi alinituma mafuta ya taa, nikaondoka na boksi langu. Nikalielekeza kwenye taa ya kinyozi, kwenye balbu ya muuza chipsi, kwenye kibatari cha mama anayekaanga samaki, kwenye taa ndefu ya duka la dawa. Kila moja ilikuwa na rangi zake. Watu walinishangaa, "Wewe mtoto, unapiga picha?" Nikaandika kila kitu kwa penseli. Kinyozi: mistari. Chipsi: mistari, kijani kikali. Samaki: ukanda, haukatiki. Nilikuwa na furaha kubwa, na sikuwa na wa kumpa. Bibi nilimwekea boksi machoni, akacheka, akasema anaona kama kanga mpya, akarudi kwenye ukili wake.

Jumamosi iliyofuata nilinyoosha mkono kwa mara ya kwanza. Nikauliza kama naweza kutazama moto wa kuchomelea, nijue ndani yake mna nini.

Mwalimu Sakina aliacha alichokuwa anafanya. "Huo usiutazame kamwe. Kwa boksi wala bila boksi, sawa na jua. Una sehemu ambayo jicho haliioni, na hiyo ndiyo inayounguza jicho. Nani kwenu anachomelea?"

"Baba yangu."

"Basi muulize. Atakuwa amekukataza siku nyingi."

Nilikaa chini. "Geuka" zote za uani Temeke zikanirudia masikioni, na kwa mara ya kwanza hazikuuma. Niliandika maneno ya mwalimu juu ya mstari, chini yake nikaandika: Baba hakuwa ananificha kitu. Ukurasa huo aliurudisha bila alama yoyote.

Ndipo ilipotangazwa siku ya maonyesho. Kila mtoto alete mtu mzima mmoja, amwonyeshe mwenyewe. Bibi alisema miguu yake haimfikishi shuleni. Nikampigia baba kwa simu ya kitochi ya bibi, nikaishika kwa mikono miwili.

"Baba, Jumamosi shuleni kwetu tunaonyesha mwanga. Uje."

"Jumamosi tunafanya kazi, mama."

Nilisikia nyundo nyuma yake.

"Haya. Nitaongea na msimamizi. Nitakuja, inshallah."

Wiki ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi Mbagala. Nilifanya mazoezi ya maneno yangu mbele ya ndoo ya maji. Shikamoo, karibu, hapa ndipo unapochungulia. Niliifua sare mwenyewe. Jesca, msichana wa meza ya jirani ambaye kila mtu alitaka kuwa rafiki yake, aliniuliza nani anakuja kwangu. Nikasema baba. Akasema, "Kumbe una baba?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa hajui tu.

Siku yenyewe wazazi walifika mapema, mama zao wamevaa vizuri, wanachungulia na kupiga kelele, "Ala! Ona hii!" Meza yangu ilikuwa karibu na mlango. Kwa kuwa sikuwa na mwenzangu, nililazimika kulishika boksi mwenyewe na kuwasha taa mwenyewe. Watu walipita, wachache wakasimama. Niliendelea kutazama geti.

Baba alikuja wakati wengine wameshaanza kuondoka. Alivaa miwani nyeusi. Sikuwahi kumwona na miwani nyeusi kabla ya siku hiyo. Alitembea taratibu mno, akagusa ukuta wa varanda kwa vidole, akajikwaa kwenye kizingiti. Watoto wakacheka kidogo. Alipoivua miwani ili achungulie, nikayaona macho yake. Yalikuwa mekundu kama nyama, yamevimba, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu.

Jesca akaniinamia sikioni. "Baba ako kalewa?"

Kwetu hakuna aliyekunywa pombe. Lakini nilishawaona walevi wa kilabuni nyuma ya soko, nilijua wanavyopepesuka na macho yao yalivyo. Nilikuwa nimemsubiri mtu huyu wiki nzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Haya, nionyeshe."

Akainama, akaweka jicho kwenye tundu. Sikuwa nimewasha taa bado. "Ee," alisema papo hapo. "Nzuri sana hii. Nzuri sana."

Nikaiwasha taa. Kisha nikatanua kidole gumba changu pale nilipolishika boksi, nikauziba upenyo wote.

"Unaona rangi ngapi, baba?"

"Zote, mama. Nyekundu ipo. Kijani. Bluu. Kama upinde wa mvua."

"Na ule mstari wa njano?"

"Upo. Nauona, uko hapa katikati."

"Nimeziba," nilisema, tena kwa sauti ya kusikika meza ya jirani. "Humo hamna kitu. Unadanganya."

Kikawa kicheko. Jesca alicheka, na mama yake Jesca akaziba mdomo kwa kitambaa. Baba alibaki ameinama, jicho bado kwenye tundu, kama mtu aliyesahau njia ya kuinuka. Alipoinuka alivaa miwani yake. Akanigusa kichwa, mkono ukaangukia begani kwanza, ndipo ukapanda.

"Hongera, mama. Umefanya kazi nzuri." Akaondoka, akipapasa ukuta.

Watu walipokwisha, Mwalimu Sakina alikuja kunisaidia kukunja nyaya. Alikuwa ameyaona yote.

"Ulikuwa unapima nini pale?"

"Kama anasema kweli."

"Na boksi hili linapima hilo?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulipomtazama baba yako, uliona nini? Sikuulizi ulichofikiri."

Nilimjibu kwa hasira kwamba sikuona kitu. Hakunilazimisha. Alisubiri kidogo, nadhani akitumaini nitabadili jibu, kisha akabeba makopo yake mpaka kwenye gari. Kwa wiki mbili sikwenda kwenye darasa lake. Niliporudi alinipokea kama kawaida, na neno juu ya siku ile halikutajwa tena.

Baba aliendelea kuja baadhi ya Jumapili. Nilimwamkia, nikampa maji, nikaenda kukaa uani. Nilimaliza la saba, nikapelekwa sekondari ya bweni, kisha chuo cha maabara. Leo napitisha mwanga kwenye sampuli za damu, mashine inanisomea namba, nami naandika nilichokiona. Baba nilimtumia salamu, nikamtembelea siku za Idi. Nilimheshimu. Ungeniuliza ni mtu wa namna gani, nisingeweza kukuambia. Bibi alikufa bila kuniuliza mbona mimi na mwanawe tunaongea kama watu wa ofisini.

Juzi juzi, baada ya siku kadhaa za harufu ya jirani, nilimpigia baba nikamwambia nataka nimpeleke kliniki ya macho. Shangazi alikuwa amenidokeza kwamba anaanza kuzigonga kuta. Alikubali haraka, jambo lililonishtua.

Daktari alikuwa kijana wa kike, mpole. Alimwamkia, akamkalisha, akammulika macho moja baada ya jingine.

"Mzee, hapa pana makovu ya siku nyingi. Na huo ukungu haukuja leo. Ukitoka juani ukaingia ndani, unaona?"

"Aa, ndani sioni mpaka nisimame kwanza. Miaka mingi sasa, moto ulikuwa unanipiga kidogo kidogo tangu ujana."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kona, mkoba mapajani. Nikakumbuka mkono kwenye fremu ya mlango wa bibi.

"Unakumbuka mara ya kwanza kuungua vibaya ilikuwa lini?"

"Nakumbuka vizuri," baba alisema, kama mtu anayetaja msiba au mvua kubwa ili apate mwaka. "Huyu binti yangu alikuwa na maonyesho yao ya shule. Msimamizi akasema nikitaka Jumamosi nimalize kazi yote Ijumaa. Kioo cha kinyago changu cha kuchomelea kilikuwa kimepasuka, na stoo wameshafunga. Nikachomelea hivyo hivyo, najikinga na mkono. Asubuhi macho kama yamejaa mchanga. Nikaenda nao hivyo hivyo."

Daktari akaandika. Hakujua alichokiandika.

Nesi alimtia baba matone, akatuambia tusubiri nje mpaka mboni zitanuke. Tulikaa kwenye benchi la varanda, yeye amefumba macho, uso ameuinua. Nilijaribu kuanza mara tatu. Mwisho nikasema tu, "Baba, siku ile ya boksi. Nisamehe."

Akacheka. Sikutegemea acheke. "Lile boksi! Ulinikamata vizuri siku ile. Unajua nilirudi Kinyerezi nikawasimulia wote? Nikawaambia, jamani, mie nina mtoto hadanganyiki, kanitegea kanipata. Kwa miaka, fundi akileta uongo wa vipimo, wanamwambia, tutakuletea binti wa fulani aje na boksi lake. Mpaka msimamizi alikuwa anakuulizia. Nilikuwa naringa mie."

"Mbona mimi hukuniambia?"

Chozi la dawa lilimtoka chini ya kope, akalifuta kwa mgongo wa mkono.

"Wewe ulikuwa ukiniona unakwenda uani," alisema. "Nikajua hutaki."

Nesi akaita jina lake. Akainuka, akanyoosha mkono kutafuta bega langu, nikalisogeza. Tulivuka varanda polepole. Nilikuwa nawafikiria wale wanaume wa Kinyerezi, mafundi ambao sikuwahi kuwaona sura, waliokuwa wakinitaja kazini na kucheka na kunisifu, miaka ileile niliyokuwa uani kwa bibi nimeupa mlango mgongo, nikisubiri aondoke.